Mgeni wa Dar na dola yake moja na nusu

Mgeni anayelala kwenye hoteli ya kitalii hapa Dar es Salaam tayari analipa kodi ya kulala. Jina lake ni Tozo ya Maendeleo ya Utalii, msingi wake ni Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na kiwango ambacho kila mhasibu wa hoteli anakijua ni dola 1.5 kwa kichwa kwa usiku mmoja. Iko chini kabisa ya bili, jirani na VAT ya asilimia 18, mahali ambapo jicho la mteja hufika wakati kadi yake imeshapita kwenye mashine. Fedha hiyo inakwenda Serikali Kuu. Taka alizoziacha chumbani, taa ya barabarani isiyowaka na mtaro uliofurika mbele ya geti la hoteli vinabaki kuwa mzigo wa halmashauri.

Nimeanza na bili hiyo kwa sababu kila jiji kubwa la ng'ambo linapotangaza kodi ya wageni, hapa kwetu hoja huamka upya: na sisi tutoze. Mifano haikosekani. Amsterdam tangu 2024 inachukua asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Edinburgh imepanga asilimia 5 kuanzia Julai 2026, na mgeni akizidisha siku tano, zinazobaki hazitozwi. Barcelona iliweka euro 4 za jiji juu ya kodi ya jimbo mwaka 2024. London ililalamika miaka mingi kupitia kwa meya wake, Sadiq Khan, kwamba haina ruhusa hiyo, hadi Novemba 2025 serikali ya Uingereza iliposema itawapa mameya wa England mamlaka ya kutoza. Majirani nao wamo. Kenya ina asilimia 2 kwenye mauzo ya hoteli na migahawa, Rwanda ilianza asilimia 3 ya malazi mwaka 2025, na Zanzibar mgeni hulipa kodi ya miundombinu kwa kila usiku, achilia mbali bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024. Mtu akiyasoma haya akiwa amekwama kwenye foleni ya Ubungo, mvua inanyesha na barabara ya Jangwani imeshafungwa kwa mafuriko, hawezi kuacha kujiuliza kwa nini jiji lake, lenye watu 5,383,728 kwa Sensa ya 2022, lisipate chochote kwa mgeni.

Msimamo wangu niuseme mapema: Dar es Salaam isianzishe kodi mpya ya kulala. Idai fungu lake kwenye ile inayotozwa sasa, na kitanda cha gesti ikiache kilivyo. Sababu yangu kubwa ni mgeni mwenyewe.

Amsterdam na Barcelona zinatoza watu waliokuja kutembea, na zimefika mahali zinataka wapungue. Amsterdam imebana hata ujenzi wa hoteli mpya. Sisi mgeni wetu ni wa namna nyingine. Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895, na wengi wao safari yao ilikuwa Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro au Unguja. Dar kwao ni mlango. Wanashuka uwanja wa Julius Nyerere, wanalala kwa sababu ndege imechelewa, asubuhi wako kwenye boti. Wanaobaki wakaiona Makumbusho ya Taifa, magofu ya Kunduchi na mchanga wa Mbudya ni wachache, na huko Mbudya wanalipa kiingilio cha hifadhi ya bahari kabla hawajavua viatu.

Mgeni hasa wa Dar yuko Kariakoo. Ametoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe, Bujumbura au Ngazija, ameshuka na basi au ndege akiwa na fedha ya mtaji, na amepanga chumba cha gesti ghorofani, hatua chache kutoka Msimbazi. Mchana anazunguka Mtaa wa Kongo, Aggrey, Livingstone, Narung'ombe, anatafuta vitenge, spea, simu, vyombo vya plastiki. Usiku analala. Halali kwa starehe. Anasubiri mzigo ujae, wakala wa forodha amjibu, dalali arudi na bei nyingine, au lori la kwenda Tunduma lipate nafasi. Kila usiku anaoongeza hapa ni siku nyingine ya kununua, kula kwa mama lishe, kupanda bajaji, kulipa mpagazi. Kariakoo nzima inaishi kwa kusubiri kwake.

Huyu ndiye tunayetaka kumwongezea gharama? Na anajua njia nyingine. Anaweza kwenda Eastleigh kule Nairobi, anaweza kwenda Kampala, na wafanyabiashara wakubwa wanakwenda Guangzhou, China, moja kwa moja. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kodi na namna zinavyodaiwa, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kukaa nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Moja ya mambo waliyoyasema wazi ni kwamba wateja wa nje wananyanyaswa barabarani kwa kudaiwa risiti za mizigo yao na wanaanza kuhama. Mtu anayependekeza kodi ya gesti leo ama hakuisikia migomo ile ama ameisahau.

Yupo mgeni wa pili, na kwake hoja hii inaniuma zaidi. Amekuja kwa sababu ya hospitali. Muhimbili, MOI ya mifupa, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Ocean Road zinapokea wagonjwa kutoka nchi nzima, wengine kutoka Komoro. Mgonjwa wa saratani anayepangiwa mionzi Ocean Road anaweza kukaa Dar wiki kadhaa, akienda hospitali kila siku ya kazi na kurudi alikofikia. Asiye na ndugu mjini anapanga. Ndugu aliyemsindikiza kutoka Kigoma au Mtwara anapanga naye, na chumba cha Upanga kikiwashinda wanashuka Buguruni au Ilala. Kodi ya kulala kwa hao wawili ni kodi ya mionzi, hata tukiipa jina zuri namna gani.

Wengine niwapitie haraka: kijana aliyeitwa usaili, mwenye kesi mahakamani, mama anayesubiri siku yake ya viza kwa sababu balozi nyingi bado ziko huku pamoja na Serikali kuhamia Dodoma. Hakuna kati yao aliyekuja kupiga picha Sanamu ya Askari.

Na lipo kundi ambalo nadhani ni kubwa kuliko yote, lisilolala kwenye kitanda cha kulipia. Shemeji aliyekuja kwenye msiba, binamu wa harusi, mtoto wa dada anayetafuta kazi: hao wanalala sebuleni kwetu, na gharama yao tunaijua sote kwenye unga na LUKU. Dereva wa lori la Kongo analala ndani ya kichwa cha gari lake pembeni ya Barabara ya Mandela. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma katikati ya 2024, afisa wa wizara anaweza kuja asubuhi, akakaa kikao chake Posta na jioni akarudi. Hawa wote wanatumia barabara zetu, maji yetu na vyoo vyetu, na mashine ya kutoza kwa usiku haimwoni hata mmoja. Venice waliligundua hilo. Walioujaza mji wao mno ni wale wa kuja asubuhi na kuondoka jioni, kwa hiyo Aprili 2024 wakaanza kutoza euro 5 wageni wa kutwa katika siku za msongamano, wakawaacha wanaolala kwa kuwa hao walikuwa wanalipa tayari. Sipendekezi tuweke geti kwenye stendi ya mabasi ya Mbezi Luis. Nasema tu kwamba aliyelala si lazima awe ndiye aliyelemea jiji.

Tuingie kwenye hesabu. Tuseme halmashauri imepitisha shilingi 2,000 kwa usiku, kiasi ambacho mwanasiasa yeyote atakiita kidogo. Chumba cha gesti ya Magomeni cha 25,000 kimepanda kwa asilimia 8. Chumba cha Masaki cha 400,000 kimepanda kwa nusu asilimia. Mwenye gesti ana wateja wanaobishania shilingi elfu moja mlangoni, kwa hiyo hatathubutu kuongeza bei. Atailipa mfukoni mwake, kisha atapunguza mashuka au mlinzi. Na huyo mwenye gesti hajawahi kuwa huru. Ushuru wa nyumba za kulala wageni ni chanzo cha mapato cha halmashauri cha siku nyingi, leseni anakata, ushuru wa taka anatoa, TRA wanakuja na makadirio yao. Wazee walisema mgeni siku ya kwanza na ya pili mkirimu, ya tatu mpe jembe. Hapa tunataka kumkabidhi jembe mapokezi, pamoja na ufunguo.

Hapo sijagusa ukusanyaji. Kila gesti ina kitabu cha wageni, lile daftari kubwa lenye safu za jina, kabila, utokako na uendako, ambalo askari huja kulipitia. Wapo wanaosema daftari hilo litatosha kuwa msingi wa kodi. Anayesema hivyo hajalisoma. Majina mengi mle ni ya watu wasiokuwepo duniani, na gesti za Sinza na Manzese zinaishi kwa wateja wa mchana, wale wa "kupumzika", ambao kitanda kimoja kinaweza kuwapokea mara nne kabla ya Magharibi bila hata mmoja kulala. Kodi ya usiku kwao itakuwa kichekesho, na kodi ya saa sidhani kama kuna diwani atakayesimama kuitetea barazani mkewe akiwa anasikiliza.

Ugumu mwingine ni wa kiutawala, na ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tunasema "Dar itoze". Dar ipi? Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji ya zamani na kuipandisha Ilala kuwa ndiyo jiji. Tangu hapo mkoa una halmashauri tano: Jiji, ambalo ni Ilala ya zamani, halafu Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hakuna chombo kimoja kinachosimamia fedha ya mji mzima. Kariakoo na hoteli za Posta ziko Jiji. Ukivuka Jangwani uko Magomeni, Kinondoni. Ukiendelea kidogo na Barabara ya Morogoro uko Manzese, Ubungo. Jiji likitoza na Ubungo isitoze, mfanyabiashara wa Lubumbashi atapanda mwendokasi akalale Manzese na asubuhi arudi Kariakoo. Zikitoza zote kwa viwango tofauti, kila halmashauri itaandika sheria ndogo yake, kila moja itahitaji idhini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, na mwenye hoteli mbili katika wilaya mbili atajaza fomu za aina mbili kwa mgeni yuleyule.

Halafu kuna historia, na hii madiwani wanaijua kuliko mimi. Kodi ya majengo ilikuwa tegemeo la halmashauri za Dar. Mwaka 2016 ikahamishiwa TRA, na tangu 2021 tunaikatwa kila mwezi tunaponunua umeme. Ushuru wa mabango nao ulichukuliwa mwaka 2017. Mwenendo uko wazi: chanzo kikinona, kinahamishwa kwenda juu. Halmashauri itakayobeba lawama ya kuanzisha kodi ya kulala, ikagombana na wenye hoteli, ikawatafuta gesti hadi uchochoroni, ijiandae kuona chanzo hicho kikichukuliwa mwaka kitakapoanza kuzaa. Wananchi nao bado wanakumbuka tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021, zikapunguzwa mara baada ya mara kwa sababu watu walirudi kubeba fedha taslimu. Neno tozo lenyewe bado lina kovu.

Wanaoitetea kodi hii wana hoja, na hoja yao moja sina jibu la kuivunja. Jiji linaingia gharama kwa ajili ya wageni na halirudishiwi. Bonde la Msimbazi linahitaji mamia ya mamilioni ya dola kulitengeneza, na fedha za mradi huo kwa sehemu kubwa ni mkopo ambao watoto wetu wataulipa. Dampo la Pugu Kinyamwezi linapokea takataka za hoteli kama linavyopokea zangu. Ni haki anayetumia achangie. Hoja yao nyingine, kwamba mgeni hatalalamika, ndiyo inayonitia shaka. Mgeni hapigi kura hapa. Kodi inayopendwa kwa sababu anayeilipa hana diwani huwa inapanda kila bajeti. Kyoto mwaka 2018 ilianza na kiwango cha juu cha yeni 1,000. Kuanzia Machi 2026 kiwango cha juu ni yeni 10,000.

Lakini Kyoto hiyohiyo ina kitu kizuri cha kuiga: inatoza kwa ngazi. Chumba cha bei ya chini kinalipa yeni mia mbili tu, cha kifahari ndicho kinachobeba yeni elfu kumi. Tozo yetu ya dola 1.5 haijui tofauti hiyo. Mgeni wa chumba cha dola 60 na mgeni wa chumba cha dola 400 wanalipa sawasawa. Tukiipanga upya kwa ngazi, fedha itaongezeka bila kuanzisha jina jipya la kodi na bila kumgusa mtu wa gesti, kwa sababu mkusanyaji yupo, mashine zipo, na hoteli zimeshazoea kuiandika kwenye bili.

Kisha igawanywe. Nusu ya kinachokusanywa kwenye hoteli za Dar ibaki kwa halmashauri ilipokusanywa, ihesabiwe kuwa mapato lindwa yasiyochotwa kwa posho wala mafuta ya magari. Manchester ni mfano ninaoupenda hapa, kwa sababu sheria ya England haikuupa mji huo uwezo wa kutoza. Wenye hoteli wenyewe walipiga kura, wakakubaliana pauni 1 kwa chumba kwa usiku kuanzia Aprili 2023, fedha ikawekwa kwenye chombo wanachokisimamia, ikatumika kwa usafi wa mitaa na kuutangaza mji. Mwaka wa kwanza zilipatikana takribani pauni milioni 2.8. Wenye hoteli hawakulia, kwa sababu waliiona fedha ikifagia mbele ya milango yao.

Sisi tungeanza na vyoo. Nasema hili bila utani. Mtu anayezunguka Kariakoo kutwa, awe Mkongo au Mgogo, akibanwa anategemea huruma ya mwenye mgahawa. Coco Beach Jumapili hali inajulikana. Soko la samaki la Feri, ambalo mtalii yeyote angelipenda, ukifika na mgeni wako unaanza kwa kumwomba radhi. Vyoo safi vyenye maji na mtu wa kuvilinda katika maeneo hayo matatu, taa kutoka Posta hadi Kivukoni, na mitaro inayozibuliwa kabla ya masika vingempa mgeni sababu ya kuongeza usiku wa pili.

Kabla ya kupandisha ngazi yoyote, kuna watu wa kuwaingiza kwanza. Apatimenti za Masaki, Mikocheni na Mbezi Beach zinazopangishwa kwa siku kupitia Airbnb zinagombania mteja yuleyule wa hoteli ya kati, na nyingi hazikati tozo hiyo hata senti. Hoteli inayolipa ina haki ya kununa. Paris ilikubaliana na Airbnb tangu 2015 kampuni ikusanye kodi ya kulala yenyewe na kuikabidhi kwa jiji. Wizara ya Maliasili na Utalii ikiomba makubaliano kama hayo haitakuwa inaomba jambo geni.

Hakuna baraza la madiwani linaloweza kuyafanya haya kwa sheria ndogo. Kugawana tozo ya Serikali Kuu kunahitaji Bunge, na mlango wake wa kawaida ni Muswada wa Sheria ya Fedha unaosomwa kila Juni. Mameya watano wa mkoa huu wanaweza kuandika pendekezo moja, wakaliweka mbele ya TAMISEMI, Wizara ya Fedha na chama cha wenye hoteli kabla wataalamu wa bajeti hawajafunga majedwali yao. Mwaka 2027 tunaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda, na Uwanja wa Benjamin Mkapa uko Temeke. Vyumba vitajaa, dola 1.5 zitakatwa kwa kila kichwa kila usiku, na kwa utaratibu wa sasa Temeke itakayofagia nje ya uwanja baada ya mechi haina mgawo humo.